Dawa ya Nini?

Siku ya kuniaga walinishikisha kipaza sauti wakataka niwape vijana neno la kazi. Nikawaambia pilau inapoa. Wakacheka, wakapiga makofi, na hotuba yangu ikaishia hapo. Nilidhani nimeponyoka, kumbe wapi. Tangu nimestaafu simu haikai chini. Bi Zuhura, yule muuza barafu tunamwandika jina gani? Bi Zuhura, hii oda ya Saadani imeandikwa "kamba", ni kamba ya kufungia mzigo au kamba wa kupika? Basi nimeona bora niandike mara moja, msome, mniache nimwagilie mchicha wangu.

Vyeo na mishahara sitagusa. Cheo nilichoondoka nacho mnakijua, na mshahara wangu mlikuwa mnaujua kabla haujaingia benki. Nitaandika kazi.

Nilipoanza, kampuni yetu ilikuwa hoteli moja tu hapa Bagamoyo, na idara ya manunuzi ilikuwa watu wawili na mzani. Wa kwanza alikuwa Mzee Shomari, mnunuzi mkuu, mfupi, mkavu, hacheki mpaka apate sababu ya maandishi. Wa pili nikawa mimi. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, maana niliambiwa nimeajiriwa ofisini. Nikamkuta kasimama mlangoni na ndoo mbili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Viatu hivyo vya nani?"

"Vyangu."

"Basi viache hapa vilinde ofisi. Sisi tunakwenda kwa samaki."

Nikaingia sokoni pekupeku, na viatu vikalinda ofisi kwa miezi kadhaa. Mzee Shomari alikuwa haulizi bei. Anasalimia, anauliza mtoto kapona surua, anauliza paa lishaezekwa, halafu bei inatoka yenyewe kama iliyosahauliwa mfukoni. Alisema ukianza na bei utajibiwa bei, ukianza na hali utajibiwa bei ya jirani. Nimeijaribu njia hiyo kwa wauza saruji wa mjini pia. Inafanya kazi, ila inachukua asubuhi nzima, na lazima ukumbuke majina ya watoto.

Kwenye mfuko wake uliosukwa kwa ukili alibeba pakiti ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa. Ilikuwa si ya chai. Akifika kwa muuzaji, anaomba radhi, anaiweka pakiti kwenye mzani wa mwenyewe, na kila mtu anaangalia mshale unasimama wapi. Wenye mizani ya uongo walikuwa wakimwona kwa mbali wanakumbuka swala. Siku moja mkewe, Mungu amrehemu, alipata wageni, akaifungua ile pakiti akawakorogea chai. Tulikaa siku nzima hatununui kitu, tukisubiri duka la jumla lifungue tununue kipimo kipya.

Lakini kilichonikaa zaidi katika mafunzo yake ni kanuni moja, na ndiyo iliyokuja kututia matatani baadaye. Alisema, "Zuhura, andika jina analolijua muuzaji. Ukiandika jina la kitabuni, utaletewa kitu cha kitabuni." Kwa hiyo tuliandika kama tunavyosema. Mafuta. Kamba. Waya. Dawa. Mimi naandika, yeye anasoma, na tumekaa benchi moja. Hapakuwa na shida yoyote.

Mzee Shomari akastaafu, na kampuni ikanenepa. Tukapata shamba la kuku na mboga Kerege, kando ya barabara. Tukajenga nyumba za kupangisha Mapinga, kwa ajili ya watu wa mjini wanaotaka upepo bila kuacha kazi Dar. Tukaweka kambi ya watalii Saadani, ndani kabisa, ambako tembo wanakuja kunywa maji ya bustani. Kila tawi likapata mtunza stoo wake, na kila mtunza stoo nilimfundisha mwenyewe kanuni ile ile: andika jina analolijua muuzaji. Benchi lilikuwa limerefuka mpaka Saadani, na mimi sikuona.

Hapo ndipo Mkurugenzi wetu, Bwana Firoz, aliporudi kutoka semina mjini na neno jipya: uchambuzi wa matumizi. Kwa mliokuja juzi, maana yake ni kukusanya kila kitu tulichonunua, matawi yote, nani katuuzia na kwa bei gani, kisha vitu vya aina moja vikae kundi moja, ili ijulikane hela inakwenda wapi na wapi tukinunua kwa pamoja tutapata nafuu. Ni jambo la maana kabisa. Ila kulisema semina ni rahisi kuliko kulifanya stoo.

Akaletwa Gadi kulifanya. Gadi ni kijana wa Moshi, mrefu, ana laptopu na heshima, vyote viwili kwa kiwango cha juu. Niliwaza atakuja kunifundisha kazi. Wala. Siku ya kwanza alinikuta nimekaa katikati ya magunia ya risiti, akavua koti, akakaa chini nami. Risiti za mashine zilikuwa zimefifia kwa joto, nyingine nyeupe pe kama hazijawahi kuandikwa. Tukawa tunaziinua dirishani, tunazisoma kwa kubahatisha, mmoja akitaja na mwingine akiandika. Wanangu, hizo karatasi pigeni picha siku hiyo hiyo mnayopewa. Msingoje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi haziko.

Kwanza tukaanguka kwenye majina ya wauzaji. Kompyuta ilituambia tuna wauza samaki watano wakubwa: Mama Zaituni, Mama Nazi, Bi Mkubwa wa Samaki, Asha Mbwana na Bibi Nasri. Gadi akafurahi, akasema watano hawa tuwashindanishe bei ishuke. Mimi nilikuwa Saadani wiki ile. Niliporudi nikakuta barua tano zimeshatoka, na Mama Zaituni amekaa ofisini kwangu, barua zote tano ziko mapajani.

"Zuhura," akasema, "mmeniita nishindane. Sasa nimekuja kuuliza, nishindane na nani? Maana huyu Asha Mbwana ni mimi nilivyozaliwa. Huyu Mama Zaituni ni mimi nilipojifungua. Bibi Nasri ni mimi mwaka huu, mjukuu alipokuja. Bi Mkubwa wa Samaki ni mimi hapo sokoni. Huyu Mama Nazi ndiye namwogopa, hana adabu kwenye bei."

Gadi akaona haya mpaka masikio. Mama Zaituni alimwonea huruma, akamletea pweza wa kukaanga bure, na akashinda zabuni dhidi ya nafsi zake zote nne. Tangu siku hiyo kila muuzaji ana namba yake moja, na majina yake mengine yote yanakaa chini ya namba hiyo. Mkisikia mtu anaitwa Baba Fulani, ulizeni na jina la kuzaliwa, na msisahau kuuliza kama ana mjukuu njiani.

Yale tulicheka. Yaliyofuata hayakuwa ya kuchekesha, angalau mwanzoni.

Ripoti ilikamilika, Bwana Firoz akaitisha kikao. Gadi akaonyesha ukutani lile duara la rangi, kila kipande aina ya matumizi. Samaki, bluu. Umeme, njano. Halafu kulikuwa na kipande chekundu kama robo ya tikiti, kimeandikwa "Afya na Tiba". Kompyuta ilikuwa imekusanya kila palipoandikwa "dawa", matawi yote, ikaviweka pamoja. Kwa mujibu wa ukuta ule, kampuni yetu ilikuwa inanunua dawa kuliko samaki.

Bwana Firoz akakitazama kipande kile. "Sisi ni hoteli," akasema, "au ni hospitali?"

Mhasibu mkuu alikuwa Bwana Maganga, Mnyamwezi, na mimi Mkwere, kwa hiyo ni watani. Nimemtukana kwa haki yangu miaka yote, naye amenitukana. Siku ile hakuna aliyetania. Maganga akasema anashangaa, maana zahanati ya wafanyakazi kila akiingia humo anakuta panadol na bendeji basi. Dawa zote hizi zinanunuliwa, kabatini hazipo. Zinakwenda wapi?

Halafu dereva wetu Rama, aliyekuwa amekuja tu kuleta maji ya kunywa, akasema bila kufikiri kwamba mara nyingi amemwona Nesi Mwantumu Kerege na mfuko wa dawa, pale kwenye duka la dawa la mdogo wake.

Sasa Mwantumu ndiye alikuwa nesi wetu peke yake, mwenye funguo za kabati la zahanati, na alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu. Alishanifunga kidole nilipokikata kwa bati, na alimwokoa mpishi mkuu aliyekabwa na mfupa wa changu. Mdogo wake, Mwanahamisi, kweli ana duka la dawa Kerege. Watu walitazamana. Kabla jua halijatua Mwantumu alikuwa amenyang'anywa funguo na kuambiwa akapumzike nyumbani kupisha uchunguzi. Kikao kingine Jumatatu; hapo ikithibitika, kazi hana, kiinua mgongo hana, na polisi wanaitwa.

Nikaenda kwake kesho yake jioni. Akanitazama kupitia upenyo wa mlango.

"Zuhura, ukija kwa uchunguzi kaa hapo nje. Ukija kwa chai, ingia."

Nikasema nimekuja kwa chai. Akanimiminia, akanikatia na mkate wa kumimina, lakini yeye hakugusa.

"Unajua jirani kanijia asubuhi?" akasema. "Jirani yangu wa ukuta mmoja. Kaniuliza kwa sauti ya chini kama bado ninazo zile dawa za bei nafuu, mumewe ana presha."

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini? Nimempima presha mumewe. Iko juu kweli."

Nikamuuliza habari ya mfuko wa Kerege. Akafunga uso kama mlango. Akasema huo mfuko ni wake na Mungu wake, na kama nimekuja kwa chai basi ninywe chai. Nilimjua Mwantumu: akishasema hivyo, hata umlete kadhi. Nikatoka nimekasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kiburi chake, nikamkasirikia Rama kwa mdomo wake, na zaidi nikakikasirikia kile kipande chekundu. Maana mimi ni mnunuzi. Nilijua hatujanunua dawa za binadamu kiasi kile hata siku moja. Ila kujua si ushahidi.

Asubuhi nikamwambia Gadi, "Funga hiyo laptopu yako uibebe. Tunakwenda kuuliza."

Tukaanzia Saadani. Mtunza stoo pale ni Mzee Kibwana, Mzigua, mpole, anaandika mwandiko mzuri wa madrasa. Tukamsalimia, tukaulizana hali, nikamsomea oda zake moja moja.

"Hii dawa ya mwezi wa pili, Mzee, ya nini?"

"Ya mchwa. Wanakula vibanda vya wageni."

"Na hii?"

"Ya mchwa."

"Na hii ndogo?"

"Hiyo ya nyani."

Gadi akainua kichwa. "Nyani wanaumwa nini, Mzee?"

"Hawaumwi, mwanangu. Wana afya sana. Wanaiba mikate ya wageni mezani."

"Sasa mnawapa dawa gani?"

Mzee Kibwana akafungua droo, akatoa manati matatu mapya, mpira wa baiskeli, akayapanga mezani. "Hii," akasema. "Ukiwaonyesha tu, hata kurusha huna haja."

Gadi akayageuza yale manati mkononi. Kwetu dawa si kidonge. Dawa ni kile kinachomaliza shida. Dawa ya moto ni moto, twasema, na hakuna aliyewahi kwenda kuutafuta moto huo famasi. Mzee Kibwana aliandika Kiswahili safi kabisa. Kompyuta ndiyo haikukulia hapa.

Mapinga tukakuta dawa ya mende, dawa ya choo na dawa ya kuzibulia mabomba, maana watu wa mjini wanatupa kila kitu kwenye sinki. Hotelini dawa kubwa kuliko zote ilikuwa ya bwawa la kuogelea, madumu kwa madumu, ili maji yabaki na rangi ile ya kwenye matangazo. Kwenye baa kulikuwa na dawa ya wageni: tangawizi, ndimu, asali na kitu kingine mhudumu wa baa hakukitaja mbele yangu kwa adabu. Akatuambia Mzungu akinywa tatu anapona hata ambacho hakuwa nacho.

Na kila mwezi palikuwa na oda moja ndogo kutoka mjini, imeandikwa "dawa, Mkurugenzi". Gadi akataka kwenda kumuuliza mwenyewe. Nikamzuia. Mimi ndiye niliyekuwa nalichukua boksi lake. Ni piko, wanangu, ya kusitiri mvi. Nikamwambia Gadi aiweke kwenye kundi la ukarabati wa majengo ya zamani, na iko humo mpaka leo.

Kerege tukaenda mwisho. Shambani palikuwa na dawa ya kideri ya kuku, sawa, na palikuwa na "dawa ya wezi". Nikamuuliza mtunza stoo iko wapi. Akasema, "Umeikanyaga mkia, Mama." Nikaangalia chini ya benchi. Mbwa mkubwa mwekundu akaniangalia bila kinyongo. Gadi akafuta "Afya na Tiba", akaandika "Ulinzi".

Kutoka shambani hadi dukani kwa Mwanahamisi ni hatua chache, nikamwambia Gadi aningoje garini. Mwanahamisi alikuwa anahudumia mteja. Nikangoja, tukasalimiana, tukaulizana ya nyumbani, ndipo nikamwambia yanayomkuta dada yake. Hakuwa amesikia, Mwantumu hakumwambia. Akakaa kwenye kiti cha wateja, machozi yakamtoka, akafuta kwa mtandio.

"Dada Zuhura, mfuko ule haukutoka kwenu kuja kwangu," akasema. "Ulitoka kwangu kwenda kwenu."

Kumbe mambo yalikuwa hivi. Mwantumu alikuwa kila mwezi anaomba dawa za zahanati kwa Maganga. Maganga anafungua bajeti, anakuta fungu la dawa limekwisha, anamwandikia "Fungu limekwisha" na kumgongea muhuri. Fungu lilikuwa limenywewa na bwawa na kuliwa na mchwa. Jina la mhasibu ni Maganga, na dawa haipatikani kwake. Basi Mwantumu akaona aibu mtunza bustani anakuja na homa anampa pole tupu. Akamweleza mdogo wake. Mwanahamisi akasema atatoa dawa dukani kwake, bure, ziwe sadaka kwa ajili ya marehemu mama yao. Zikifika zahanati hazikai kabatini, wagonjwa wanazimaliza.

"Lakini naomba," akanishika mkono, "usiitaje huko kwenye kikao. Tulikubaliana haitangazwi. Ukitangaza sadaka, umeila mwenyewe."

"Dada yako atafungwa, Mwanahamisi."

"Naomba, dada."

Nikamwahidi. Njia nzima nilijilaumu kwa ahadi ile, na Gadi akiniuliza kuna nini namwambia nina kiungulia.

Jumatatu kikao kilijaa. Mwantumu alikaa mwisho wa meza, kanga yake mpya, uso mbele. Gadi akawasha lile duara, akalieleza upya, kipande kwa kipande: mchwa, bwawa, mabomba, kuku. Alipofika kwa nyani na mbwa watu walicheka, hata Bwana Firoz. Kikabaki kijipande cha zahanati, chembamba hata rangi yake haikuonekana, Gadi ikabidi aelekeze kwa kidole. Wala hakumlaumu mtu. Alisema mashine yake ilisoma neno bila kuuliza, na yeye akaiamini.

Nikadhani tumemaliza. Bwana Firoz akaacha kucheka.

"Sawa," akasema. "Lakini mfuko je? Nesi ameonekana na mfuko wa dawa kwenye duka la ndugu yake. Hilo halina uhusiano na kompyuta."

Akamgeukia Mwantumu. Mwantumu akatazama ukuta. Na mimi ulimi wangu umefungwa kwa ahadi. Hapo nikakumbuka kwamba nilichoahidi ni kutosema. Kuuliza sikukatazwa.

"Mkurugenzi," nikasema, "naomba Rama aitwe."

Rama akaja, anafuta mikono. Nikamuuliza siku zile anazomwona Nesi Kerege, alikuwa anamshusha pale au anampakia.

"Nampakia, Mama. Asubuhi, nikitoka kuchukua mayai shambani. Yeye hulala kwa mdogo wake."

"Na mfuko?"

"Anao. Mzito. Mimi ndiye humpokea namwekea nyuma ya kiti."

"Ukifika hapa unaushusha wapi?"

"Zahanati," akasema Rama, na hapo naye akasikia alichokisema. Akaangalia chini. "Akitoka Kerege unakuwa umejaa. Akienda Kerege huwa ameukunja kwapani."

Maganga alikuwa na faili la maombi ya zahanati mbele yake, akalifungua, akatazama mihuri yake mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa: Fungu limekwisha, Fungu limekwisha. Akalifunga taratibu. Mimi ni mtani wake, nilikuwa na la kumwambia, na nikalimeza.

Bwana Firoz akamuuliza Mwantumu kwa sauti ya chini, "Dawa za wafanyakazi wangu zinatoka wapi?"

"Kwa Mungu, Mkurugenzi," Mwantumu akajibu.

Bwana Firoz si mtu mbaya, na si mjinga. Ameishi hapa maisha yake yote, anajua dawa zisizo na invoisi zinaitwaje. Mwenye hoteli, mwenye bwawa la kuogelea, na wafanyakazi wake wanatibiwa kwa sadaka ya duka la Kerege. Alitoa funguo za kabati mfukoni, akasimama, akazunguka meza yote, akamkabidhi Mwantumu kwa mikono miwili. Akamwambia, "Nisamehe, dada." Mwantumu akazipokea, akasema ameshasamehe, ila jirani yake wa ukuta mmoja aambiwe na mtu mwingine. Rama akajitolea kwenda. Ule mdomo safari hii ulifanya kazi ya maana, maana mpaka magharibi Bagamoyo nzima ilikuwa na habari.

Tangu hapo kuna sheria mliyoikuta, na wengine mnailalamikia: katika kampuni hii hakuna anayeandika "dawa" peke yake. Mfumo unagoma mpaka ujaze ya nini. Gadi aliiweka mwenyewe wiki ile ile, na mimi nikapewa kalamu nyekundu ya kuwarudishia wakaidi.

Oda ya kwanza kunijia baada ya sheria ilikuwa na risiti ya Kerege, duka la Mwanahamisi. Bwana Firoz alikuwa ameendesha gari mwenyewe bila kumwambia mtu, akanunua dawa za kujaza kabati zima la zahanati. Baadaye Mwanahamisi alinihadithia kwamba alitaka kumpunguzia, naye akakataa. Akataka kulipia na zile za nyuma, Mwanahamisi ndiye akakataa, akamwambia zile zina mwandishi wake mbinguni. Basi akalipa hizo mpya, bei kamili, akaondoka. Na kwenye ile fomu, kwa mwandiko wake mwenyewe, Mkurugenzi alikuwa ameandika neno moja: "Dawa."

Sheria ni sheria. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni, "Ya nini?" nikamrudishia.

Fomu ilirudi mezani kwangu kabla ya chakula cha mchana. Chini ya swali langu alikuwa ameandika, "Ya aibu."

Nikaigongea muhuri.